UZI: Waliokunywa, waliojinawisha na waliolisha watoto wao mbele ya kamera kuonyesha "hii kitu ni salama"

Mpimaji:

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuahirisha mara kibao ila juzi kuna mdau kwenye mjadala mwingine kamaliza ubishi kwa kusema "mbona fulani kainywa mbele ya kamera na yuko fiti mpaka leo", watu wakamwagia like na mada ikafia hapo hapo. Nikasema leo lazima niandike.

Kazi yangu ni kupima vitu maabara, miaka kumi na kitu sasa, na hakuna sentensi inayonikera kama hiyo. Nimewahi kumshuhudia kwa macho yangu muuzaji wa dawa ya kusafishia matangi akichovya kidole kwenye ndoo akakilamba mbele ya mabosi wetu. Mabosi wakacheka, wakapiga makofi, mkataba ukasainiwa mchana ule ule kabla sampuli niliyochukua haijafika hata mezani kwangu. Jamaa hakufa. Na wala hatukuwa tunauliza kama atakufa, tulikuwa tunauliza ile dawa inabaki kiasi gani ndani ya tangi ukishasuuza.

Sasa tuanze na baba wa mchezo huu. New York, tarehe 30 Oktoba 1924. Thomas Midgley ndo yule injinia aliyegundua mwaka 1921 kwamba ukiweka tetraethili ya risasi kidogo kwenye petroli (risasi hii ya madini, sio ya bunduki) injini inaacha kugonga na gari linavuta vizuri. Biashara ikachanganya haswa. Tatizo ni kwamba siku chache kabla ya hiyo tarehe kuna wafanyakazi wa kiwanda kimoja New Jersey walioanza kuona vitu ambavyo havipo, wanapambana na hewa, wengine ikabidi wafungwe yale majaketi ya kuzuia mikono, na watano wakafa. Wenzao walishalipachika jengo lile jina la jengo la gesi ya wendawazimu, yani walijua kabla ya magazeti kujua.

Basi Midgley akaita waandishi. Akamimina ile kitu mikononi akajinawa nayo kama mtu anayenawa ale, halafu akaweka chupa puani akavuta dakika nzima, akasema anaweza kufanya hivyo kila siku na asipate shida yoyote. Waandishi wakaandika. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba mwanzoni mwa 1923 jamaa huyu huyu aliacha kazi kwa muda akaenda kupumzika Florida kwasababu risasi ilishamuingia mwilini.

Ila hebu tumpe faida ya shaka, tuseme angekuwa mzima kabisa. Ingeonyesha nini? Risasi haimuui mtu kwa dakika moja ya kunusa. Inajikusanya taratibu kwenye mifupa, na inaumiza zaidi ubongo wa mtoto, sio wa injinia mzima wa miaka thelathini na kitu. Aliyetakiwa kuangaliwa ni mtoto anayekaa kando ya barabara, na aangaliwe kwa miaka, sio dakika. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari ya kawaida ni Algeria, 2021. Hesabu mwenyewe toka 1924.

Nipumzike kidogo naendelea.

Siti ya Mbele:

Naweka kambi hapa. Mkuu usitukimbie kama wale wengine wa "itaendelea" halafu unakuta mwaka umeisha.

Mpimaji:

Sikimbii. Hii ya pili ndo iliyonifanya nisilale siku niliyoisoma mara ya kwanza.

Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kinamwaga majitaka yenye zebaki kwenye ghuba, samaki wanakula, watu wanakula samaki. Paka wa wavuvi ndo walianza, wanazunguka zunguka kama wamelewa wanaangukia baharini, halafu wakafuata watu: mikono inatetemeka, macho yanaona kama kwenye bomba, ulimi mzito. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956, na wenyewe walianza kwa kudhani unaambukiza kwahiyo wagonjwa wakatengwa na majirani, fikiria umelishwa sumu halafu unakimbiwa.

Hospitali ya kiwanda ilikuwa na daktari anaitwa Hosokawa Hajime. Huyu mzee hakubishana na mtu, alichukua paka, akawa anamchanganyia chakula na majitaka ya kiwandani kwake mwenyewe, kila siku. Paka namba 400. Oktoba 1959 paka 400 akaanza kutetemeka na kuzunguka kama paka wa wavuvi. Akawapelekea wakubwa wake. Wakamwambia aache.

Sasa sikilizeni. Desemba ya mwaka ule ule, 1959, Chisso wanazindua mtambo mpya wa kusafisha majitaka kwa sherehe. Rais wa kampuni anachukua glasi ya maji yaliyosemekana yametoka kwenye mtambo anakunywa mbele ya wageni. Watu wakaamini mambo yameisha. Kumbe yale majitaka ya idara yenye zebaki hayakuwa hata yanapita kwenye mtambo ule. Serikali ilikuja kukiri kwamba zebaki ya kiwanda ndo chanzo mwaka 1968. Miaka tisa, watu wanakula samaki.

Kwahiyo kiwanda kimoja, ndani ya miezi miwili mitatu kimetoa majibu mawili, moja la paka na moja la glasi. La glasi likaenda kwenye sherehe, la paka likaenda kwenye droo. Hosokawa mwenyewe aliyasema yote mahakamani 1970 akiwa kitandani hospitali.

Kichwa Ngumu:

Mkuu nondo nimezikubali ila mbona unachagua mifano ya upande wako tu? Barry Marshall je? Alikunywa bakteria mwenyewe akapewa Nobel. Kama kunywa ni kiki basi na yeye alikuwa anatafuta kiki. Au yeye ni mzungu wa aina nyingine?

Mzee wa Takwimu:

Kabla Mpimaji hajajibu ngoja niongeze nyama. Kichwa Ngumu umenikumbusha mzee mwingine aliyekunywa na yeye hakuwa anadanganya mtu, na ndo mgumu kuliko wote.

Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa Munich, Ujerumani. Mwaka 1892 kipindupindu kimeingia Hamburg, watu kama 8,600 wamekufa. Robert Koch, daktari mwenzake wa Ujerumani, anasema ni kijidudu kiko kwenye maji. Pettenkofer anasema hapana, kijidudu peke yake hakitoshi, lazima kipitie kwenye udongo wa mahali kiive kwanza ndo kiwe na madhara. Tarehe 7 Oktoba, ana miaka 73, anachukua mbegu za kipindupindu zilizooteshwa maabara, anameza kwanza magadi ya kupunguza asidi tumboni ili mtu asije kusema asidi ndo imemuokoa, anakunywa. Akaharisha kidogo tu, akapona. Akatangaza ameshinda.

Huyu huwezi kusema alicheza mchezo, angeweza kufa kweli. Na bado alikosea. Mwanafunzi wake Emmerich naye akanywa siku chache baadaye, huyo alihara siku mbili hali ikawa tete, wala hiyo haikumbadilisha mzee. Wakati huo huo jibu lilikuwa liko wazi barabarani: Hamburg walikuwa wanakunywa maji ya mto Elbe bila kuchuja, mji wa jirani Altona walikuwa wanachota mto huo huo, tena chini zaidi baada ya uchafu wa Hamburg kuingia, ila wao wanachuja kwenye mchanga. Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa, Hamburg ikazika. Miji miwili imeshikana kabisa, udongo ule ule na hewa ile ile. Hilo ndo jaribio, na halikuhitaji mtu kunywa kitu.

(Kingine cha kuchekesha, mzee huyu huyu ndo aliyeipigania Munich ipate maji safi na mifereji ya majitaka. Nadharia mbovu, mifereji mizuri. Dunia haina haki.)

Mpimaji:

Shikamoo mzee, umenipunguzia kazi. Kichwa Ngumu swali lako ni zuri na nililitegemea, Marshall ndo sababu nusu ya mimi kuandika huu uzi.

Tofauti sio kunywa. Tofauti ni kwamba wote hao wengine walikunywa wakitegemea WASIUMWE. Marshall alikunywa akitegemea AUMWE. Sasa kutoumwa kuna sababu elfu, una bahati, kipimo kidogo, ugonjwa unachukua miaka, au kama rais wa Chisso umekunywa maji mengine kabisa. Kuumwa kwa namna uliyoitabiri kabla ni kitu kingine.

Angalia alivyofanya. Mwaka 1984, Australia, yeye na Robin Warren wanasema uvimbe wa tumbo na vidonda vinaletwa na bakteria, madaktari wengi wanasema ni mawazo na asidi, bakteria haishi kwenye asidi ya tumbo. Akajaribu kuwaambukiza watoto wa nguruwe, ikagoma. Basi akapitishiwa kamera tumboni kwanza, tumbo likaonekana safi, hilo ni muhimu kuliko kunywa kwenyewe. Halafu ndo akanywa supu ya bakteria iliyotoka kwa mgonjwa. Siku chache akaanza kutapika asubuhi, mdomo unanuka mpaka wa nyumbani wanamwambia. Kamera ikarudishwa: tumbo limevimba, limejaa wale wadudu. Kabla na baada, vyote vimepimwa.

Na bado, hapa ndo watu huwa wanaruka, ile haikuthibitisha VIDONDA. Ilionyesha kwamba bakteria inaweza kuvimbisha tumbo la mtu mmoja lililokuwa na afya. Kwenye vidonda walimaliza ubishi wagonjwa wengi waliopewa antibayotiki wakalinganishwa na wasiopewa, wa kwanza vidonda vikawa havirudi. Ilichukua mpaka miaka ya 90 kukubalika. Nobel 2005. Kile kikombe ndo kinachosimuliwa kwasababu kinasimulika, wale wagonjwa mia na mia hakuna anayewakumbuka.

Kichwa Ngumu:

Hapo kwenye "kutegemea aumwe" umenipata, sina povu. Ila bado nasema kuna ubishi mwingine hauishi bila mtu mkubwa kujitoa mbele za watu.

Nesi wa Zamu:

Naomba nichangie kwa upande wa pili jamani maana naona mnaelekea kusema kiongozi akichanja hadharani ni tapeli, mimi hiyo siikubali.

Mwaka 1956 Marekani vijana walikuwa wanakwepa chanjo ya polio, wakamleta mwimbaji Elvis Presley akachomwa sindano mbele ya kamera. Mimi sioni kosa hapo. Kwasababu ile chanjo ilikuwa imeshajaribiwa 1954 kwa watoto wanaofika milioni 1.8, majibu yakatangazwa Aprili 1955. Salk mwenyewe, aliyeitengeneza, alishawachanja wanae kabla ila hakuja kutuambia wanangu ni wazima basi imekwisha, alisubiri wale watoto wote. Elvis hakuletwa kuthibitisha, aliletwa kuvuta watu kwenye kitu ambacho wengine walishakithibitisha. Hivyo ni vitu viwili na nyie mnavichanganya.

Na ili nisionekane nashabikia chanjo tu: hata baada ya yale majaribio makubwa, wiki chache tu mbele yake shehena za kiwanda kimoja, Cutter, zilitoka na virusi hai ndani, watoto wapatao 200 wakapooza na 10 wakafa. Kwahiyo jaribio zuri halimalizi kazi, lazima kila pipa lipimwe linapotoka. Hapo ndo nyie watu wa maabara mnatakiwa.

Mpimaji:

Dada umenena na nakubali nilikuwa naelekea kuchafua maji yote. Elvis namuondoa kwenye orodha yangu.

Ila Gerald Ford, rais wa Marekani wakati ule, namuacha, maana Oktoba 1976 naye alichomwa chanjo ya mafua ya nguruwe mbele ya kamera. Zaidi ya watu milioni 40 wakafuata, mlipuko wenyewe haukuja, na zoezi likasimamishwa Desemba kwasababu ya wagonjwa wa Guillain-Barré, ule wa mishipa ya fahamu na kupooza, kama mmoja wa ziada kwa kila watu laki moja. Mmoja kwa laki! Ford angesimama pale na mawaziri wake na wapambe wao wote wachomwe na bado usingeona kitu. Hiyo huioni kwa macho, unaiona kwenye daftari la nchi nzima tu, na waliiona kwasababu kuna watu walikaa wakalihesabu.

Nesi wa Zamu:

Hapo sasa tunaongea. Na hiyo "mmoja kwa laki" ndo tatizo langu na upande wa wanaotisha pia. Uingereza Oktoba 1995 mamlaka za dawa zikatoa tahadhari kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza hatari ya damu kuganda MARA MBILI. Vyombo vya habari vikapiga hiyo mara mbili. Wanawake wakatupa vidonge siku ile ile, wengine katikati ya pakiti. Mara mbili ya ngapi? Ilikuwa mmoja kati ya 7,000 ikawa wawili kati ya 7,000. Mwaka uliofuata inakadiriwa mimba zilizotolewa England na Wales ziliongezeka kama 13,000, na mimba yenyewe inagandisha damu kuliko vile vidonge.

Hakuna aliyesema uongo. Kila neno kwenye tangazo lilikuwa kweli. Mimi naongea na akina mama kila siku na nawaambia ukiambiwa "mara mbili" usinyanyuke kwenye kiti kwanza, uliza mara mbili ya ngapi.

Mzee wa Takwimu:

Na ule utafiti wa 1998 uliodai chanjo ya surua inahusiana na usonji, watoto 12. Kumi na mbili! Ile karatasi ilikuja kufutwa 2010 na daktari aliyeiandika akanyang'anywa leseni, na kumbe alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wanataka kushtaki watengeneza chanjo. Denmark mwaka 2019 walitoa utafiti wa watoto 657,461, hakuna uhusiano. Ila nenda leo kamuulize mtu anakumbuka ipi.

Siti ya Mbele:

Huu uzi una madini. Ila Mpimaji kwenye kichwa umeandika waliolisha watoto wao, mtoto yuko wapi?

Mpimaji:

Hahaha kweli, nilitaka kusahau. Uingereza Mei 1990, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe umepamba moto, waziri wa kilimo John Gummer anaenda kwenye maonyesho ya boti na binti yake wa miaka minne, mbele ya kamera anamshikisha baga, na yeye anakula ya kwake. Nyama ni salama kabisa.

Mnajua kilichofuata, Machi 1996 serikali ile ile ikasimama bungeni kusema kuna vijana wameugua ubongo na inaelekea wameupata kwa ng'ombe. Uingereza wamekufa 178 mpaka sasa. Ule ugonjwa unakaa mwilini miaka mingi kimya, na kupika hakuuui. Kwahiyo hata kama ile baga ingekuwa imejaa ugonjwa, picha ya siku ile ingekuwa ile ile, mtoto mzima ameshika baga.

Kwa haki yake, wanasayansi waliomshauri walisema hatari kwa binadamu ni ndogo mno, na walisema pia kwamba kama wamekosea madhara yatakuwa makubwa sana. Hiyo sehemu ya pili haikuingia kwenye baga.

Kichwa Ngumu:

Mkuu swali la mwisho halafu nilale. Ile dawa ya matangi ya yule jamaa aliyelamba kidole, iliishaje?

Mpimaji:

Sampuli ilitoka baada ya siku nne. Ukisuuza mara moja kama maelekezo yake yalivyosema, mabaki yalikuwa juu ya kiwango. Ukisuuza mara tatu yanashuka. Mkataba haukuvunjwa, walibadilisha tu karatasi ya ukutani pale kwenye matangi wakaandika mara tatu, na maji yakaanza kuisha mapema zaidi kila mwezi, wakawa wananiuliza mimi kwanini.

Jamaa alirudi mwaka uliofuata na bidhaa nyingine. Bosi akamuuliza kwa utani, leo hulambi? Akacheka akasema hii mpya ni kali kidogo.